Msumari na Santuri Arobaini na Tatu

Walimpa msumari. Hawakumpa barua ya onyo, wala nafasi ya kujieleza, wala siku ya kufikiri. Walimpa msumari wa inchi nne, mpya, ungali na mafuta ya dukani, umeviringishwa ndani ya karatasi yenye orodha ya santuri arobaini na tatu za muziki wa jazi. Amri ilikuwa fupi. Kila santuri iliyotajwa ikwaruzwe pande zote mbili, kuanzia ukingoni hadi katikati, mara tano kila upande. Kazi ifanywe na mtunza santuri kwa mkono wake mwenyewe. Akimaliza, atie sahihi.

Msomaji ayazingatie maneno hayo, "kwa mkono wake mwenyewe". Katika jengo lile la redio walikuwamo maseremala, mafundi umeme na wafagizi, na yeyote kati yao angeweza kuziharibu santuri zile katika muda wa kunywa chai. Lakini kamati iliyoutuma msumari haikutaka ziharibiwe tu. Ilitaka aziharibu yule aliyezipenda, ili kesho asiwe na mdomo wa kulalamika.

Aliyezipenda alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza ndani ya chumba kimoja cha ghorofa ya chini, kisicho na dirisha, kilichobanwa kati ya stoo ya mafagio na mlango wa jenereta. Humo zilikaa santuri elfu nne na ushei, zimesimama wima kwenye rafu za chuma kama wanafunzi mstarini. Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa limesahaulika hata na karani aliyemlipa mshahara. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, wote walimwita Mama Santuri, naye aliitika.

Kwa mujibu wa mkataba, kazi yake ilikuwa kuazimisha na kupokea. Mtangazaji alete fomu, apewe santuri. Airudishe, ifutwe vumbi, irudi rafuni. Lakini tangu mwaka wake wa pili alijiongezea kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Ndani ya jalada la kila santuri aliyoiona inastahili, alitia kikaratasi kidogo chenye mwandiko wake wa kulala, kumwelekeza mtangazaji namna ya kuisikiliza. Watangazaji walizoea kusimama mlangoni na kusema, "Mama, nipe kitu cha siku ya mvua," au, "Mama, leo nimeamka vibaya, niokoe." Yeye angekwenda rafuni moja kwa moja, bila kutazama orodha.

Nyingi kati ya alizozichagua zilikuwa za jazi, zile ambazo wengi walizipita wakidhani ni muziki wa watu waliosoma sana. Kulikuwa na moja ambayo jaladani mtu ameinama kufunga kamba ya kiatu. Kikaratasi chake kilisema: "Mpiga tarumbeta huyu pumzi zake ni fupi, naye anajua. Sikiliza anavyonyamaza." Kulikuwa na ya mwanamke aliyepiga piano peke yake katika ukumbi wa mabati: "Hiyo si mikwaruzo, ni mvua juu ya paa. Usiirudishe ukidhani ni mbovu." Kulikuwa na ya saksafoni mbili: "Wawili hawa wamegombana. Wanapatana upande wa pili, karibu na mwisho. Usiwaache njiani." Na kulikuwa na ile aliyoipenda kuliko zote, yenye jalada jeusi na picha ya kiti kitupu, ambayo ndani yake besi kubwa ya kusimama huanza peke yake, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani akipapasa ukuta. Kikaratasi cha hiyo kilikuwa na amri, si ushauri: "Anza upande wa pili. Usikate, usiseme neno kabla haijaisha."

Watangazaji walivitii vikaratasi vile kuliko walivyotii waraka wowote wa mkurugenzi. Hilo tulishike, kwa maana ndilo lililokuja kumponza.

Kamati ya Maadili ya Vipindi iliundwa mwanzoni mwa mwaka, na jambo lake la kwanza lilikuwa fomu. Kila santuri ijaziwe mstari wake: namba, jina, mwimbaji, mwaka, lugha, muda, na katika safu ya saba, "Maneno ya wimbo, yaandikwe yote." Mama Santuri alizijaza fomu zile kwa wiki tano mfululizo. Alipofika kwenye santuri arobaini na tatu za ala tupu, alifanya kosa ambalo lingeweza kufanywa tu na mtunza makabati mwaminifu. Angeweza kuiacha safu wazi. Angeweza kuandika jina la wimbo mara tatu akaendelea na safari. Yeye, mtu wa kumbukumbu sahihi, aliandika mara arobaini na tatu: "Hakuna."

Mkaguzi wa kamati alishuka ngazi siku ya Jumanne, suti imepigwa pasi hadi inakata, fomu kwapani.

"Mama, hapa umeandika hakuna. Hakuna nini?"

"Hakuna maneno, mheshimiwa. Ni ala tupu."

"Sawa. Na hizo ala zinasema nini?"

"Hazisemi, baba. Zinapigwa."

"Watu wazima wanakaa nusu saa nzima wanasikiliza kitu ambacho hakisemi?" Mkaguzi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi nimepewa kazi ya kukagua yanayosemwa hewani. Mtu akificha maneno yake, namdai ayatoe. Sasa huyu amekuja hana maneno kabisa. Nitajuaje kwamba hanitukani?"

"Kwa kusikiliza."

Alilijibu hilo bila kukusudia ukorofi, lakini mkaguzi aliandika kitu kidogo pembeni mwa fomu, akaifunga. Wiki iliyofuata ulikuja msumari.

Tangu saa ile woga ulimwingia Mama Santuri, ukakaa. Haukuwa ule wa kukimbia. Ulikuwa baridi nyembamba iliyompanda kutoka kwenye visigino kila aliposikia viatu ngazini, na baada ya siku tatu alikuwa anaweza kuvitambua viatu vyote vya jengo zima, vya karani, vya mfagizi, vya mkurugenzi aliyeburuta mguu wa kushoto. Vya mkaguzi vilikuwa na chuma kisiginoni. Hivyo alivisikia hata visipokuwapo.

Jioni ya siku ulipofika ule msumari, aliupeleka nyumbani ndani ya mkoba. Mumewe alikuwa fundi saa, mwenye kibanda chake sebuleni, na kuta za sebule ile zilijaa saa za watu, kila moja ikisema lake. Sikio lake moja lilikuwa limekufa tangu ujana. Jioni ile aliuona msumari ukichomoza mkobani.

"Mama watoto, umekuwa seremala siku hizi?"

"Usinicheke, baba watoto. Kaa chini kwanza."

Alimweleza. Fundi saa alivua ile lenzi yake ya jichoni, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha, akaivua tena. Alizijua santuri zile. Jumamosi mchana aliruhusiwa kushuka chumbani mle kumsubiri mkewe, na hapo ndipo alipoanza ugomvi wake na jazi. "Huyu mpiga ngoma anachelewa," alisema mara ya kwanza. "Anachelewa makusudi," mkewe alimjibu. Mzee alitoa saa ya mfukoni, akampima yule mpiga ngoma kwa upande mzima wa santuri, kisha akatangaza hukumu: "Anachelewa kiasi kile kile kila mara. Basi huyo hachelewi. Ana saa yake." Tangu hapo alimwita Mwenzangu.

Lakini jioni ile hakutania. "Zikwaruze," alisema.

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli. Mimi nina sikio moja zima na mke mmoja. Vyote viwili sitaki kuvipoteza." Kisha akainamia saa ya mteja, na mkewe akamwona akiifungua tena saa aliyokwisha kuimaliza.

Asubuhi alikwenda kufanya alichoambiwa. Hili tuliseme wazi, kwa sababu wapo wanaotaka kumfanya shujaa aliyezaliwa na kifua cha chuma. Alifunga mlango, akaitoa ile ya kiti kitupu, akailaza juu ya meza kwenye kitambaa cha kufutia, akaweka ncha ya msumari ukingoni. Alihesabu moja, mbili, tatu. Mkono haukushuka. Alihesabu tena. Jasho lilimtiririka ubavuni ndani ya chumba chenye baridi, akajiona mjinga, mama mzima anatishwa na sahani nyeusi. Mara ya tatu aliinua macho ili asiione anapoikwaruza, na macho yakaangukia rafu ya mwisho, ile ya hotuba.

Hotuba zilikuwa kumi na moja, za kufungua majengo na madaraja, na kila moja kituo kilikuwa kimeagizwa kitunze nakala tano. Kwenye kadi za kuazimia, tarehe ya karibuni ilikuwa ya miaka kumi na minne nyuma. Alisimama akapiga hesabu kwa vidole. Ukiacha nakala moja ya kila hotuba, zinabaki arobaini na nne. Alizihitaji arobaini na tatu.

Kituo kilikuwa na desturi ya kubandika katikati ya kila santuri karatasi nyeupe ya duara yenye namba, iliyofunika kabisa maandishi ya kiwandani. Gundi na karatasi zilikuwa kwenye droo yake. Kwa siku nne, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa za kutoka, alifanya kazi mlango umefungwa. Alizikwaruza nakala arobaini na tatu za hotuba, mara tano kila upande, kwa uaminifu kama amri ilivyotaka, akazibandika namba za jazi na kuzitia kwenye majalada ya jazi. Santuri za jazi alizibandika namba za hotuba, akazitia kwenye majalada ya hotuba, yenye picha za mikasi na utepe.

Mambo mawili aliyafanya ambayo mwizi hangeyafanya. La kwanza, vile vikaratasi hakuweza kuvitenganisha na santuri zake. Alijaribu. Aliviweka kando kwenye bahasha, akaitazama ile bahasha, na mwisho akairudishia kila santuri chake, akavisukuma hadi chini kabisa ya majalada. La pili, kanuni ya chumba ilisema kwamba nakala iliyobaki peke yake hukaa ndani ya kabati la kioo, chini ya ufunguo. Sasa hotuba kumi na moja zilikuwa zimebaki na nakala nzima moja moja, isipokuwa moja iliyobaki na mbili. Akazifungia zote kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Mtunzaji ndani yake hakuweza kufanya vinginevyo. Rafuni, kwenye uwazi, zikabaki zile za bandia peke yake, na yeye hakuliona hilo.

Mkaguzi alikuja kukagua. Alichomoa santuri kumi na mbili bila mpango, akapitisha ukucha juu ya mikwaruzo, kr, kr, kr, na kila ukucha ulipopita Mama Santuri alihisi unapita kwenye utosi wake. Aliomba Mungu asije akataka kusikia. Hakutaka. Watu wa namna ile hawasikilizi. Ndiyo maana wanakagua.

"Kazi safi, Mama. Umejikaza kiume."

"Nimejikaza, mheshimiwa," alisema.

"Alhamisi saa nne, ofisini kwa mkurugenzi, utatia sahihi mbele yetu. Halafu haya majalada tutayachoma, tumalize."

Alhamisi asubuhi, kabla hajamaliza chai, ilitangazwa kwamba waziri mstaafu, yule aliyelifungua jengo lile la redio, amefariki dunia. Mama Santuri aliisikia habari ile, akasikitika kama mtu yeyote, akachukua mkoba wake na msumari ukiwamo ndani, akapanda ngazi. Akili yake yote ilikuwa kwenye sahihi. Alikuwa hajawahi kutia sahihi ya uongo maishani.

Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa na zulia, meza pana, na juu ya mlango spika ya mbao ambayo haikuzimwa kamwe. Mkurugenzi alikuwa mzee mpole aliyebakiza miezi minane kustaafu na ambaye aliihesabu kwa sauti. Mkaguzi alikuwa amekaa upande wa dirisha. Fomu ililazwa mbele ya Mama Santuri, na kalamu juu ya fomu.

"Soma, kisha tia sahihi hapo chini," alisema mkurugenzi. "Ni utaratibu tu, Mama Santuri. Usiwe na wasiwasi."

Alishika kalamu, akaanza kuandika jina lake. Juu ya mlango, sauti nene ya mtangazaji wa zamu ilikuwa inasoma wasifu wa marehemu. Mtangazaji yule walimwita Mzee wa Taarifa, ingawa hakuwa amefika hata miaka thelathini, kwa sababu sauti ilimtangulia umri. Alikuwa na mke na mtoto wa wiki sita, na wiki zote hizo alikuwa akimwomba Mama Santuri muziki wa kumlalisha.

"...ndiye aliyesimama mbele ya jengo hili," ilisema spika, "akatamka maneno ambayo hatutayasahau. Na sasa, ndugu wasikilizaji, tumsikilize yeye mwenyewe, kwa sauti yake."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi.

Alielewa yote kwa mkupuo mmoja. Ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Kabati. Rafu iliyo wazi. Mzee wa Taarifa ameshuka, hakumkuta, amechukua jalada lenye picha ya jengo hili, akapanda mbio. Kulikuwa na majalada manne ya hotuba ile rafuni, na ndani yake zilikuwamo santuri nne, na hakukumbuka, hakuweza kabisa kukumbuka, ni zipi. Kutoka kwenye spika ulisikika mguso wa sindano, kisha ule mchirizo mdogo wa mwanzo, ambao huwa ni ule ule kwa muziki na kwa hotuba.

Kisha ikaanza besi. Peke yake. Ikipanda ngazi gizani, ikipapasa ukuta.

Mkurugenzi aliinamisha kichwa kwa heshima, akidhani ni utangulizi. Robo dakika ikapita. Nusu. Yule mpiga ngoma wa fundi saa, Mwenzangu, akaingia akifagia ngoma kwa brashi ya waya, akachelewa kiasi chake kile kile.

"Hotuba iko wapi?" aliuliza mkaguzi.

Mkurugenzi aliinua simu, akazungusha namba ya studio, ikatoa mlio wa simu inayotumika. Akazungusha tena. Mama Santuri alijua ni kwa nini haipatikani. Chini kule, Mzee wa Taarifa alikuwa amekitoa kikaratasi jaladani, akausoma mwandiko anaoufahamu, akageuza santuri upande wa pili, akaondoa simu mahali pake, na sasa amekaa, mikono magotini, akitii. Usikate, usiseme neno kabla haijaisha. Upande wa pili ulikuwa na dakika kumi na tisa.

Mkurugenzi alimtuma katibu wake mbio. Katibu alirudi mbio vile vile, akisema mlango wa studio una taa nyekundu na umefungwa kwa ndani, na kwamba simu za mapokezi zinalia zote, watu wanauliza muziki ule wa msiba ni wa nani, unapatikana wapi.

"Hili ni jambo la kisiasa," alisema mkaguzi, akasimama. "Mtu amemnyima marehemu sauti yake. Huyo kijana asitoke humu na kazi. Mwandikieni sasa hivi, na polisi waitwe."

Mkurugenzi, aliyebakiza miezi minane, alivuta karatasi akaanza kuandika. Spika iliendelea. Tarumbeta ilikuwa imeingia, chini sana, kama mtu anayeuliza kama kuna mtu. Mama Santuri alikuwa hajawahi kuisikia ile santuri nje ya chumba chake. Angenyamaza tu. Hakuna aliyemtazama. Fomu bado ilikuwa mbele yake, nusu ya jina lake imeshaandikwa.

Santuri ilipoisha, Mzee wa Taarifa alipanda mwenyewe, jalada mkono mmoja, mkono mwingine umefumbwa. Aliingia akiwa na uso wa mtu aliyeona kitu kizuri na bado hajajua kwamba ni kosa. Akamwona mkaguzi. Akamwona Mama Santuri, fomu, kalamu. Akaelewa, akaukaza ule mkono uliofumbwa.

"Umecheza nini hewani, wewe?" mkaguzi alimfokea.

"Nimekosea, mheshimiwa. Nilikuwa na haraka, nikachukua santuri siyo."

"Jalada hili ni la hotuba!"

"Basi labda niliichanganya mimi, zamani. Sijui. Kosa ni langu."

"Na mkononi una nini?"

"Sina kitu."

Hapo Mama Santuri alisikia sauti ikitoka, nyembamba, inatetemeka, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni yake.

"Fungua mkono, mwanangu."

"Mama, nyamaza tu. Tafadhali."

"Una mtoto wa wiki sita. Fungua."

Hakufungua. Ikambidi asimame, aende hadi pale, amkunjue vidole kimoja kimoja kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe, na akakiweka kikaratasi juu ya meza. Kisha akatoa msumari mkobani, akauweka juu ya kikaratasi. Akawaeleza yote: safu ya saba, hotuba, gundi, kabati. Alipofika kwenye kabati alivua ufunguo shingoni.

"Hotuba za waheshimiwa zipo, nzima, moja moja," alisema. "Sikuharibu sauti ya mtu. Nimeharibu nakala za ziada. Na yeye huyu hajui lolote."

"Kwa nini, Mama Santuri?" aliuliza mkurugenzi, kwa upole, kama anayetamani asijibiwe.

"Kwa sababu mlinipa mimi."

Hayo yametokea wiki mbili zilizopita. Mama Santuri amesimamishwa kazi bila mshahara. Mzee wa Taarifa naye ametolewa hewani, ingawa kosa lake ni kukiamini kikaratasi. Chumba cha ghorofa ya chini kimepigwa lakiri, na zile santuri arobaini na tatu zimo ndani, nzima, zikiwa bado kwenye majalada ya utepe na mikasi, zikisubiri kamati ikutane Jumatatu saa nne. Inasemekana ameshapatikana mtu mwingine wa kushika msumari.

Yeye anakaa sebuleni katikati ya saa za watu. Gari likipunguza mwendo barabarani, anasimama, likipita, anakaa. Hali chakula, isipokuwa akilazimishwa. Mumewe amezisimamisha saa nyingi, maana mkewe alisema zote zinatembea kama viatu vyenye chuma kisiginoni. Ameiacha moja. Wakati mwingine mzee anaigonga meza kwa kibano, akiufuata mdundo wa Mwenzangu, akichelewa kiasi kile kile, na mkewe anainua kichwa. Juzi alimuuliza, "Baba watoto, wakija utasemaje?" Naye akajibu, "Nitasema sikio lao ndilo bovu," akajaribu kucheka, na hakuna aliyecheka.

Basi, ninyi mnaokutana Jumatatu, haya ni yenu. Mama huyu aliwaambia ukweli katika safu ya saba, na kwa ukweli huo mkamwadhibu. Alisema uongo mmoja kuokoa mali ya umma mliyomwajiri aitunze, na ukweli wake wa pili, aliousema akitetemeka ili kijana asiye na hatia asifukuzwe, mmeuadhibu pia. Mmehukumu santuri ambazo hakuna hata mmoja wenu aliyezisikiliza. Kwa hiyo sisi wasikilizaji tunadai: vunjeni lakiri ya chumba kile na mumrudishe mtunza santuri kwenye rafu zake, na mshahara wake wote. Mrudisheni mtangazaji kwenye maikrofoni. Futeni amri ya msumari. Futeni safu ya saba kwa kila kitu kisichoimbwa. Na kama mnashikilia kwamba santuri zile lazima ziharibiwe, msimtume mtu. Shukeni ngazi wenyewe, kila mjumbe achukue msumari, asikilize kwanza upande mmoja hadi mwisho, kisha akwaruze kwa mkono wake mwenyewe, atie sahihi, na jina lake lisomwe hewani. Jibu lenu tunalitaka kwa maandishi, kabla ya saa nne ya Jumatatu.